Safari ya Wawili Katika Pwani ya Kaskazini: Mwongozo Kamili wa Meli ya Bergen Hadi Kirkenes

Kati ya Bergen, kusini-magharibi mwa Norwei, na Kirkenes, mji ulio jirani kabisa na mpaka wa Urusi, kuna njia ya meli iliyoanzishwa tarehe 2 Julai 1893, siku ambayo nahodha Richard With aliing'oa nanga meli ya mvuke iitwayo Vesteraalen kutoka Trondheim kuelekea Hammerfest. Kabla ya siku hiyo, barua na shehena za watu wa kaskazini zilicheleweshwa mno na miamba, giza na dhoruba za majira ya baridi. Leo njia hiyo inahudumiwa na meli 11 za kampuni mbili, Hurtigruten na Havila, ambazo hupita katika bandari 34 na kukamilisha mzunguko wa kwenda na kurudi kwa siku 12. Kwa mume na mke wanaotafuta safari ya kutazama milima, fiodi (ghuba ndefu na nyembamba zilizo kati ya milima) na visiwa bila ya kuhama hoteli kila usiku, sijui njia nyingine ya bahari inayoizidi.

Jambo moja lieleweke mapema, kwa kuwa maamuzi mengine yote yanalitegemea: hizi si meli za starehe tu. Hubeba mizigo na wenyeji wanaokwenda kuwatembelea ndugu zao katika bandari ya pili au ya tatu, na kwa hiyo hufuata ratiba yao mchana na usiku. Hakuna kumbi za maonyesho wala kasino. Burudani yenyewe ni pwani inayopita dirishani, na wawili watakaoisoma ratiba kwa makini kabla ya kulipa ndio watakaoiona pwani hiyo vizuri.

Hatua ya kwanza: Chagueni majira kabla ya kuchagua meli

Kaskazini ya mbali, majira ndiyo yanayoamua mtaona nini. Katika mji wa Tromsø jua halizami kabisa tangu takribani tarehe 20 Mei hadi 22 Julai, na kwenye rasi ya Nordkapp kipindi hicho ni kirefu zaidi, tangu katikati ya Mei hadi mwishoni mwa Julai. Atakayesafiri wakati huo ataweza kukaa sitahani saa saba ya usiku akiangalia milima inayong'aa kwa rangi ya dhahabu, lakini hataona nyota hata moja, wala ule mwanga wa kijani unaotanda angani ambao watu wengi hufunga safari kwa ajili yake.

Mwanga huo wa kaskazini unahitaji giza na mawingu machache, na hutafutwa kati ya mwezi wa Septemba na Machi. Tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari jua halichomozi Tromsø, ingawa si kweli kwamba kunakuwa na giza totoro saa zote: adhuhuri huja saa chache za mwanga hafifu wa samawati na waridi, wenye uzuri wa aina yake. Hata hivyo, wanandoa wanaotaka kuona mandhari wasichague Desemba kwa safari yao ya kwanza, kwa kuwa sehemu kubwa ya pwani itawapita gizani.

Ushauri wangu ni nusu ya pili ya Septemba, au mwezi wa Machi. Katika nyakati hizo mchana na usiku hukaribiana urefu, hivyo mtatazama milima mchana na kuusubiri mwanga wa kaskazini usiku, bila ya kulazimika kuacha kimoja. Septemba kuna majani ya rangi ya manjano na nyekundu. Machi kuna theluji nzito, ambayo kwa mtu aliyezaliwa Tanga au Kisumu ni sababu ya kutosha ya kuvumilia baridi. Wale wanaotanguliza bahari tulivu na joto la kadiri wachague Juni au Julai. Dhoruba kali hutarajiwa zaidi kati ya Oktoba na Februari.

Baridi yenyewe isiwatishe kupita kiasi. Mkondo wa maji ya vuguvugu kutoka Atlantiki huifanya pwani hii isigande, ndiyo maana meli hupita mwaka mzima katika latitudo ambazo kwingineko zimefungwa na barafu.

Hatua ya pili: Amueni mtasafiri kwenda, kurudi, au vyote viwili

Safari ya kwenda kaskazini huanza Bergen jioni na kumalizika Kirkenes asubuhi ya siku ya saba. Safari ya kusini huondoka Kirkenes mchana wa siku hiyo hiyo na kufika Bergen alasiri ya siku ya 12. Wengi hudhani kwamba kurudi ni kuona yale yale, na hapo ndipo wanapokosea. Ratiba imepangwa hivi kwamba sehemu nyingi ambazo meli huzipita usiku ikienda, huzipita mchana ikirudi.

Kwa hiyo ninawashauri wenye uwezo na likizo ya kutosha wachukue mzunguko mzima. Wasio na siku 12 waamue kwa kuangalia wanachokitamani. Njia ya kwenda ina fiodi ya Geiranger katika miezi ya kiangazi cha huko (Juni hadi Agosti), kituo kirefu cha Tromsø wakati wa mchana, na ziara ya Nordkapp. Njia ya kurudi ina visiwa vya Vesterålen, mlango mwembamba wa Raftsundet na pwani ya Helgeland, vyote kwa mwanga wa mchana. Ningelazimishwa kuchagua mojawapo kwa ajili ya mandhari peke yake, ningechagua kurudi, nikaruka kwa ndege kutoka Oslo hadi Kirkenes, safari ya takribani saa mbili.

Lipo pia chaguo la bei nafuu linalowafaa hasa Waswahili wanaoishi Oslo, Stockholm au Copenhagen: tiketi ya bandari hadi bandari. Mnaweza kupanda Bodø na kushuka Svolvær katika visiwa vya Lofoten jioni hiyo hiyo, mkalala nchi kavu, kisha mkaendelea siku nyingine. Kumbukeni tu kwamba tiketi ya kampuni moja haitumiki katika meli ya kampuni nyingine, na kwamba milo kwa kawaida haimo katika tiketi ya aina hiyo.

Hatua ya tatu: Chumba, na hasa kitanda

Hapa wanandoa wawe waangalifu kuliko wasafiri wengine. Katika meli zilizojengwa miaka ya 1990, vyumba vya bei ya chini aghalabu vina vitanda viwili vyembamba vilivyotengana, kimojawapo kikikunjwa kuwa kochi mchana. Wanaokwenda fungate wasitegemee picha ya tangazo. Waulize kwa maandishi iwapo chumba wanachokilipia kina kitanda kipana cha watu wawili. Meli nne za Havila ni mpya zaidi, na zina mtambo wa gesi pamoja na betri kubwa zinazoiwezesha meli kwenda kimyakimya kwa muda katika fiodi. Utulivu huo una thamani yake kwa anayependa kusikia maporomoko ya maji akiwa sitahani.

Mambo matatu zaidi ya kuuliza ni haya. Je, dirisha limezibwa na mashua ya kuokolea, au linatazamana na njia ambayo abiria hutembea nje? Je, chumba kipo karibu na omo, yaani mbele ya meli, katika sitaha za chini, ambako mitambo ya kugeuzia meli hunguruma kila inapofunga gatini, hata saa tisa ya usiku? Na je, kipo katikati ya meli? Anayelevywa na bahari achague chumba cha katikati, katika sitaha za chini, kwa kuwa hapo mtikisiko ni mdogo kuliko tezini au omoni.

Chumba cha ndani kisicho na dirisha si jambo la kulidharau. Meli hizi zina ukumbi wa vioo wa kutazamia mandhari, na wanaojua safari hii hushinda humo au sitahani. Fedha mtakazookoa zitalipia matembezi mawili mazuri.

Hatua ya nne: Viza na njia ya kufika Bergen

Norwei si mwanachama wa Umoja wa Ulaya, lakini imo katika eneo la Schengen, na raia wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanahitaji viza kabla ya kusafiri. Maombi huanzia katika tovuti ya idara ya uhamiaji ya Norwei, UDI. Yanaweza kuwasilishwa mapema kwa muda usiozidi miezi 6 kabla ya safari, na yasichelewe kuvuka siku 15 kabla yake. Ninawashauri muyapeleke miezi mitatu kabla, kwa kuwa foleni za miadi hurefuka kiangazi kinapokaribia. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, na bima ya safari lazima igharimie matibabu yasiyopungua yuro 30,000. Ambatanisheni uthibitisho wa meli, tiketi za ndege, taarifa za benki, barua ya ruhusa ya mwajiri na cheti cha ndoa. Kila mmoja hujaza fomu yake hata kama safari ni moja na mlipaji ni mmoja.

Ikiwa ndege yenu itapitia Amsterdam, mtakaguliwa pasipoti hapo hapo, lakini viza inaombwa kwa serikali ya Norwei kwa sababu ndiko mtakakolala usiku mwingi. Viza ya kuingia mara moja inatosha, maana meli haitoki nje ya nchi hiyo.

Kutoka Dar es Salaam, Kilimanjaro au Nairobi njia nyepesi ni kupitia Amsterdam na kushuka Bergen moja kwa moja. Wenye siku ya ziada washuke Oslo na kupanda treni ya Bergen, safari ya karibu saa saba inayovuka uwanda wa juu wa Hardangervidda na kupita kituo cha Finse, mita 1,222 juu ya usawa wa bahari. Treni hiyo ni safari ya mandhari kwa haki yake yenyewe. Kutoka uwanja wa ndege wa Bergen, treni ya mjini huwafikisha katikati ya mji kwa takribani dakika 45.

Fikeni Bergen angalau siku moja kabla ya meli kuondoka. Ratiba ya meli haingoji sanduku lililopotea, na mji wenyewe una nyumba za mbao za Bryggen, zilizoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1979.

Hatua ya tano: Mavazi na vitu vya kufungasha

Kanuni ni kuvaa tabaka juu ya tabaka. Ndani kabisa pawe na fulana na suruali ya kubana ya sufu, kwa kuwa pamba ikishalowa jasho haipashi joto tena. Juu yake sweta nene. Na nje kabisa koti lisilopitisha upepo wala maji. Hata Julai upepo wa sitahani hukata masikio, hivyo kofia na glavu zichukuliwe majira yote. Kwa safari ya Machi ongezeni viatu vya kupanda milima na vile vyuma vya kuvalisha soli visaidiavyo kutembea juu ya barafu, ambavyo vinapatikana madukani Bergen na Tromsø.

Hakuna anayewataka mvae suti wala gauni la dhifa. Chukueni darubini, barakoa ya kufunika macho wakati wa kulala kwa safari za kiangazi, na kibadilishi cha plagi, kwa sababu soketi za Norwei ni za pini mbili za duara na si zile za pini tatu tulizozizoea. Chukueni pia dawa zenu zote za siku 14 au zaidi pamoja na nakala ya maagizo ya daktari. Kwa kawaida meli hizi hazina daktari. Mabaharia wamefunzwa huduma ya kwanza, na mgonjwa hushushwa katika bandari yenye hospitali.

Fedha taslimu hazihitajiki sana. Karibu kila kitu hulipwa kwa kadi, kwa hiyo iarifuni benki yenu kabla ya kuondoka ili kadi isifungwe mkiwa ugenini.

Hatua ya sita: Chakula, bahari na sala

Katika tiketi ya safari ndefu milo mitatu huwa imelipiwa. Samaki ndio fahari ya jiko: chewa wa kaskazini (kwa Kiingereza cod), samoni, na kaa wakubwa wa Bahari ya Barents, ambao walipandikizwa huko na wanasayansi wa Kisovieti miaka ya 1960. Katika Lofoten mtaona vichanja vya mbao vilivyojaa chewa wanaokaushwa kwa upepo tangu Februari hadi Mei. Wanafanana na ng'onda wa kwetu, isipokuwa hawatiwi chumvi hata chembe. Asiyekula nguruwe wala nyama isiyochinjwa kwa Kiislamu aijulishe kampuni wakati wa kununua tiketi na tena anapopanda. Kwa samaki, mboga na mikate hatalala na njaa.

Sehemu kubwa ya njia imekingwa na visiwa, na bahari huwa shwari. Zipo sehemu chache zilizo wazi: rasi ya Stad baina ya Bergen na Ålesund, Hustadvika, ghuba ya Folda, Vestfjorden kabla ya Lofoten, Lopphavet, na Bahari ya Barents mashariki ya Nordkapp. Mnyonge wa bahari ameze dawa saa moja kabla ya kufika sehemu hizo, asisubiri tumbo lianze kuchafuka.

Kwa Waislamu, suala la nyakati za sala linahitaji maandalizi. Mahali ambapo jua halizami au halichomozi, wanazuoni wametoa miongozo zaidi ya mmoja, ikiwemo kufuata nyakati za Makka au za mji wa karibu wenye usiku na mchana. Muulizeni shehe wenu kabla ya kuondoka na mshike mwongozo mmoja. Kibla kwa Bergen ni kusini-mashariki, na huelekea zaidi kusini kadiri mnavyokaribia Kirkenes. Kwa kuwa chuma cha meli huweza kuipotosha dira ya simu, tazameni ramani ya safari kwenye skrini za meli ili mjue omo imeelekea wapi.

Hatua ya saba: Ijueni njia, ili msilale wakati wa kuangalia

Ratiba huandikwa kwa mfumo wa saa 24, kwa hiyo 20:30 ni saa mbili na nusu usiku. Inakilini katika daftari, mkaweke alama sehemu mnazotaka kuwa macho.

Mkielekea kaskazini wakati wa kiangazi, siku ya pili meli huingia Geirangerfjord, iliyo katika orodha ya UNESCO tangu 2005. Humo yanaporomoka maji ya Dada Saba, na ng'ambo ya fiodi poromoko linaloitwa Mposaji, ambaye kwa masimulizi ya wenyeji aliwaposa wote saba akakataliwa. Wakati wa majira ya majani kupukutika meli huingia Hjørundfjord badala yake, fiodi yenye watalii wachache na vilele vikali zaidi. Ålesund ni mji ulioteketea kwa moto mwaka 1904 na kujengwa upya kwa mtindo mmoja wa mapambo ya mawe. Wenye magoti mazima wapande ngazi 418 za mlima Aksla.

Asubuhi ya siku ya nne mnavuka Duara la Aktiki, latitudo ya nyuzi 66 na dakika 33, penye mnara wa tufe juu ya kisiwa kidogo. Abiria hukusanyika sitahani na kumwagiwa barafu shingoni, na wakati wa kurudi hupewa kijiko cha mafuta ya ini la chewa. Jiungeni nao. Usiku huo, katika miezi ya kiangazi na hali ya hewa ikiruhusu, nahodha huingiza meli katika Trollfjord, ambayo mlangoni mwake ina upana wa takribani mita 100 tu. Meli hujigeuza ndani kabisa huku kuta za mawe zikiwa karibu kiasi cha kuona jani la nyasi. Ni usiku wa manane, lakini msilale.

Siku ya tano Tromsø huwapa takribani saa nne, muda unaotosha kuvuka daraja na kuliona Kanisa la Aktiki la mwaka 1965. Siku ya sita meli husimama Honningsvåg, bandari ya kuendea Nordkapp, ambako jabali hushuka mita 307 hadi baharini. Jioni na usiku ardhi hubadilika ikawa tupu, bila mti, na wengine huiona kuwa kiwa; mimi naiona kuwa sehemu yenye heshima kuliko zote. Miji mingi ya huku ni ya baada ya mwaka 1944, wakati majeshi ya Ujerumani yalipoichoma Finnmark yakirudi nyuma. Honningsvåg lilibaki kanisa peke yake.

Mkirudi kusini, siku ya tisa ndiyo taji la safari. Tangu asubuhi Harstad hadi jioni Svolvær, msipange jambo lolote isipokuwa kukaa nje. Stokmarknes husimamwa kwa takribani saa moja, muda wa kuitazama meli ya zamani Finnmarken iliyohifadhiwa nchi kavu ndani ya jumba la vioo. Baada yake huja Raftsundet. Siku ya kumi, baada ya kuvuka tena Duara la Aktiki, hupita safu ya milima ya Dada Saba, ambayo isichanganywe na maporomoko ya Geiranger, kisha mlima Torghatten wenye tundu linalopenya toka upande hadi upande.

Hatua ya nane: Matembezi ya nchi kavu

Matembezi yanayouzwa melini ni mazuri, lakini gharama zake hupanda haraka, tena mara mbili kwa kuwa mpo wawili. Lipieni yale yasiyowezekana kwa miguu yenu: Nordkapp, sleji ya kuvutwa na mbwa wakati wa theluji, au mashua ya kuwaangalia tai wa baharini. Trondheim, Ålesund na Tromsø zitembeleeni wenyewe. Faida ya matembezi ya kampuni ni kwamba meli huyasubiri yakichelewa. Ninyi mkichelewa peke yenu, haitawasubiri. Rudini gatini dakika 30 kabla, na vituo vya dakika 15 vitazameni mkiwa sitahani.

Kwa mwanga wa kaskazini, ombeni mapokezi wawashe tangazo la chumbani, ili mwito wa usiku uwafikie. Laleni mkiwa mmevaa nguo za sufu, na koti liwe karibu na mlango, kwa sababu mwanga mkali huweza kudumu dakika chache tu. Hurtigruten imekuwa na ahadi ya kuwapa safari nyingine abiria wa mzunguko wa siku 12 wa majira ya baridi ambao hawakuuona mwanga huo. Masharti yake yasomwe wakati wa kulipa.

Kushuka Bergen

Meli hufika Bergen alasiri ya siku ya 12, na ukungu au mawimbi ya Stad huweza kuichelewesha. Msinunue tiketi ya ndege ya jioni hiyo hiyo. Laleni usiku mmoja mjini, mpande treni ya kamba hadi kituo cha juu cha mlima Fløyen, mita 320 juu ya usawa wa bahari, na muondoke kesho yake asubuhi kuelekea Amsterdam, ambako ndege za kwenda Afrika Mashariki huunganishwa.